Wasifu: Andrew Ellicott Douglass na Kalenda Iliyomo Ndani ya Miti

Maelezo kwa mtahiniwa

Wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yaliyoandikwa na mtu mwingine. Hutofautiana na tawasifu, ambayo mhusika hujiandikia mwenyewe. Wasifu huandikwa kwa nafsi ya tatu, aghalabu kwa wakati uliopita, na hufuata mtiririko wa matukio tangu kuzaliwa hadi kufa. Wasifu mzuri hauishii kwenye tarehe. Hueleza mhusika alitaka nini, alikwama wapi na aliacha nini. Soma wasifu ufuatao kwa makini, kisha ujibu maswali yaliyo mwishoni.

1. Utangulizi

Katika sehemu nyingi za dunia, kumbukumbu za kipimajoto zilizowekwa kwa utaratibu hazivuki miaka 150 hivi. Hata hivyo, wanasayansi wa leo hueleza ni miaka gani ilikuwa ya baridi au ya joto miaka 500 iliyopita, na hata miaka 1,000 iliyopita. Je, wanajuaje ilhali hapakuwa na mtu wa kupima?

Sehemu ya jibu imo ndani ya shina la mti. Katika nchi zenye majira ya baridi kali, mti hukua wakati wa joto na kupumzika wakati wa baridi. Majira ya kuchipua yanapoanza, mti hujenga mbao laini yenye rangi hafifu. Majira ya joto yanapokaribia kwisha, hujenga mbao ngumu yenye rangi iliyokoza. Tabaka hizo mbili kwa pamoja hufanya pete moja, na pete moja ni mwaka mmoja. Mwaka mzuri huacha pete pana. Mwaka mbaya huacha pete nyembamba.

Kwamba mti huongeza pete kila mwaka lilikuwa jambo linalojulikana tangu zamani. Leonardo da Vinci, msanii wa Italia, aliona mapema kwamba upana wa pete huhusiana na unyevu wa mwaka. Lakini aliyeigeuza hoja hiyo kuwa sayansi yenye kanuni ni Mmarekani Andrew Ellicott Douglass. Sayansi hiyo huitwa dendrokronolojia, yaani elimu ya kutambua miaka kwa kutumia pete za miti. Cha kushangaza ni kwamba Douglass hakuwa mtaalamu wa miti. Alikuwa mwanafalaki, na alichokuwa akikitafuta ndani ya miti ni habari za jua.

2. Kuzaliwa na elimu

Andrew Ellicott Douglass alizaliwa tarehe 5 Julai 1867 katika mji wa Windsor, jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Baba yake alikuwa kasisi. Jina lake alilirithi kutoka kwa babu wa ukoo wao, Andrew Ellicott, mpimaji ardhi mashuhuri aliyeshiriki kupima mipaka ya mji mkuu wa Washington.

Tangu utotoni Douglass alipenda kutazama nyota. Alisoma katika chuo cha Trinity, mjini Hartford, akahitimu mwaka 1889. Baada ya hapo aliajiriwa katika kituo cha falaki cha Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1891 alikuwa mmoja wa wataalamu waliotumwa Arequipa, nchini Peru, kusaidia kuanzisha kituo cha kuchunguza nyota katika milima ya Andes. Huko alijifunza jambo lililomfaa baadaye: darubini kubwa haina maana ikiwa hewa iliyo juu yake imechafuka. Kabla ya kuamini anachokiona, mchunguzi sharti ajue ni nini kinachoweza kumdanganya.

3. Flagstaff na mgogoro wa Mirihi

Mwaka 1894 tajiri mmoja wa Boston, Percival Lowell, alitaka kujenga kituo chake mwenyewe cha kuchunguza sayari ya Mirihi. Alimwajiri Douglass na kumtuma katika eneo kame la Arizona kutafuta mahali penye anga safi. Douglass alizunguka na darubini ndogo kutoka mji hadi mji, akipima utulivu wa hewa usiku. Mahali palipochaguliwa ni Flagstaff, mji mdogo uliozungukwa na msitu wa misonobari, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Lowell aliamini kwamba mistari iliyoonekana kwenye uso wa Mirihi ilikuwa mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili. Mwanzoni Douglass naye aliichora mistari hiyo. Baadaye aliingiwa na shaka. Alitengeneza visahani vya kuigiza sayari, akaviweka mbali, kisha akavitazama kwa darubini. Aligundua kwamba jicho lililochoka huweza kuona mistari pasipo na mstari wowote. Ikiwa ni hivyo, baadhi ya yale yaliyoonekana kwenye Mirihi huenda yalitoka ndani ya jicho la mtazamaji.

Douglass alimwandikia barua shemeji yake Lowell, akilalamika kwamba mwajiri wake alianza na jibu kisha akatafuta ushahidi wa kulitetea. Barua hiyo ilimfikia Lowell. Mwaka 1901 Douglass alifukuzwa kazi.

Alikuwa na umri wa miaka 34, hana darubini wala mshahara. Hakurudi kwao mashariki. Alibaki Flagstaff, akafundisha Kihispania na jiografia katika chuo cha walimu cha mji huo, na mwaka 1902 akachaguliwa kuwa hakimu wa mirathi. Mwaka 1905 alimwoa Ida Whittington.

4. Wazo lazaliwa

Swali lililomshughulisha Douglass lilikuwa hili. Juu ya uso wa jua huonekana madoa meusi. Idadi ya madoa hayo huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa takriban miaka 11. Je, mabadiliko hayo ya jua hubadilisha hali ya hewa duniani? Ili kujibu, alihitaji kumbukumbu za hali ya hewa za mamia ya miaka. Arizona haikuwa nazo. Mvua ilikuwa imepimwa huko kwa miaka michache tu.

Mwaka 1901, akiwa safarini kwa gari la farasi, aliona jinsi mimea inavyobadilika kadiri mtu anavyoshuka kutoka milimani. Juu kuna misonobari mirefu. Chini kuna vichaka vya jangwani. Tofauti kubwa ni maji. Hapo alijenga hoja yake kwa hatua. Katika nchi kame, mti hukua kwa kadiri ya maji unayopata. Maji hutokana na mvua na theluji. Ikiwa jua huathiri mvua, basi pete za mti zitakuwa zimeandika mvua, na kupitia mvua zitakuwa zimeandika jua.

Mwaka 1904 alianza kuijaribu hoja hiyo katika uwanja wa kampuni ya mbao mjini Flagstaff. Alipanda juu ya marundo ya magogo, akapima pete moja baada ya nyingine kwa rula. Kampuni ilimpatia pia vipande vilivyokatwa kutoka kwenye magogo na visiki. Alivikwangua kwa wembe, akavipaka mafuta ya taa ili pete zionekane vizuri, kisha akaandika upana wa kila pete.

Haukupita muda mrefu kabla hajaona kwamba pete nyembamba zilifuatana kwa mpangilio uleule katika mti mmoja hadi mwingine. Siku moja alikuta kisiki cha mti uliokatwa zamani. Alitazama mpangilio wa pete zake, akataja mwaka mti huo ulipokatwa. Mwenye shamba, aliyekuwa anaujua mwaka huo, alithibitisha kwamba alisema kweli.

5. Kupatanisha pete

Mwaka 1906 Douglass alihamia Chuo Kikuu cha Arizona, mjini Tucson, kufundisha fizikia na jiografia. Mwaka 1911 alichunguza miti ya Prescott, mji ulio takriban kilomita 100 kutoka Flagstaff. Mpangilio wa pete nyembamba ulikuwa ni uleule. Hilo lilimaanisha kwamba pete hazikusimulia maisha ya mti mmoja, wala ya bonde moja. Zilisimulia hali ya hewa ya eneo zima.

Kutokana na ugunduzi huo ilizaliwa kanuni kuu ya dendrokronolojia: kupatanisha pete. Kuhesabu pete peke yake hakutoshi. Mwaka wa ukame mkali mti huweza kukosa kabisa kuunda pete katika upande fulani wa shina. Mwaka mwingine baridi au ukame huingia katikati ya msimu wa kukua, mti ukasimama kisha ukaendelea, ukaacha pete mbili za mwaka mmoja. Anayehesabu mti mmoja atakosea bila kujua. Anayelinganisha miti mingi ataliona kosa na kulisahihisha.

Zingatia mfano huu. Mti A ulikatwa mwishoni mwa mwaka 1904. Tukihesabu kutoka kwenye gome kwenda ndani, pete nyembamba ni ya 33, ya 38, ya 40 na ya 51. Mti B ulikufa zamani na mwaka wake haujulikani. Pete zake nyembamba ni ya 3, ya 8, ya 10 na ya 21. Nafasi kati ya pete nyembamba ni zilezile katika miti yote miwili: 5, 2 na 11. Basi pete ya kwanza ya mti B inalingana na pete ya 31 ya mti A, ambayo ni ya mwaka 1874. Huo ndio mwaka wa mwisho wa kukua kwa mti B. Aidha, ikiwa mti B uliishi miaka mingi kabla ya mti A kuota, basi kalenda yetu imerefuka kurudi nyuma. Katika kazi halisi, mifano minne haitoshi. Hulinganishwa pete nyingi kutoka kwenye miti mingi.

Douglass alikuwa mkali katika jambo hili. Alipochunguza miti mikubwa ya sekwoya huko California alipata mfululizo wa zaidi ya miaka 3,000. Lakini palikuwa na pete moja, karibu na mwaka 1580, iliyoonekana katika baadhi ya miti na kukosekana katika mingine. Kosa la pete moja lingesogeza kwa mwaka mmoja kila tarehe iliyo nyuma yake. Mwaka 1919 alirudi California kukusanya vipande vingine kwa ajili ya pete hiyo moja, hadi akaridhika kwamba ilikuwa pete ya kweli. Mwaka huohuo alichapisha juzuu ya kwanza ya kitabu chake kuhusu mizunguko ya tabianchi na ukuaji wa miti.

6. Boriti za magofu

Kusini-magharibi mwa Marekani kuna magofu ya majumba ya mawe yaliyojengwa na mababu wa watu wa Pueblo, wenyeji wa eneo hilo. Yaliyo maarufu zaidi ni Pueblo Bonito katika bonde la Chaco na makao ya miambani ya Mesa Verde. Wanaakiolojia hawakujua yalijengwa lini. Lakini mapaa yake yalishikiliwa na boriti za misonobari, na boriti ni mti wenye pete.

Wanaakiolojia walimwomba Douglass msaada, naye akakubali kwa sababu boriti za kale zingerefusha kumbukumbu zake za mvua. Alipatanisha pete za boriti za gofu moja na za jingine, akapata mfululizo wa miaka 585. Tatizo ni kwamba mfululizo huo ulikuwa unaelea. Aliweza kusema jengo hili lilitangulia lile kwa miaka 40 hivi, lakini hakuweza kutaja mwaka wenyewe, kwa kuwa mfululizo haukuunganishwa na miti inayoishi. Upande wa pili alikuwa na mfululizo mwingine uliotoka kwenye miti hai na kurudi nyuma hadi karne ya 13. Kati ya mifululizo hiyo miwili palionekana pengo.

Shirika la National Geographic liligharimia safari tatu za kutafuta boriti ya kuziba pengo hilo: mwaka 1923, 1928 na 1929. Tarehe 22 Juni 1929, katika kijiji cha Show Low, Arizona, wasaidizi wake Lyndon Hargrave na Emil Haury walifukua kipande cha boriti iliyoungua. Kilipewa namba HH-39. Jioni ile Douglass aliketi na kipande hicho mbele ya taa, akilinganisha pete zake na michoro yake, moja baada ya nyingine. Pete ya nje ilikuwa ya mwaka 1380. Pete ya ndani kabisa ilikuwa ya mwaka 1237. Mifululizo miwili iliungana.

Ikabainika pia jambo la ajabu. Pengo halikuwa pengo la kweli. Mifululizo ile ilikuwa imekwisha kupishana, ila vipande vilivyofikia miaka hiyo vilikuwa vichache na pete zake zilikuwa nyembamba mno. Douglass alikuwa amekataa kuviunganisha kwa kubahatisha. Aliona afadhali akae miaka mingi bila jibu kuliko kutoa jibu asiloweza kulithibitisha.

Kwa muungano huo, magofu mengi yalipata tarehe zake. Ilijulikana kwamba Pueblo Bonito ni jengo la karne ya 10 hadi ya 12. Pete zile nyembamba nazo zilieleza habari nzito: ukame mkubwa uliodumu kuanzia mwaka 1276 hadi 1299. Ni katika kipindi hicho watu walipoyahama makao ya Mesa Verde. Wataalamu bado hujadili ni kwa kiasi gani ukame ndio uliowahamisha, kwa kuwa vita na upungufu wa rasilimali navyo hutajwa. Hata hivyo, kwamba mvua iliadimika, miti imeshuhudia.

7. Kutoka mvua hadi joto

Watahiniwa wengi hukosea hapa, hivyo soma kwa uangalifu. Miti ya Douglass ilipima mvua zaidi kuliko joto. Sababu ni kwamba katika nchi kame kinachouzuia mti kukua ni uhaba wa maji. Mti huandika habari za kile kinachouzuia. Ukitaka habari za joto, tafuta mti ambao maji unayo ya kutosha lakini joto ni haba. Miti ya namna hiyo huota karibu na vilele vya milima mirefu na kaskazini ya mbali, pale msitu unapokomea. Huko, kiangazi chenye joto huacha pete pana na mbao nzito, na kiangazi cha baridi huacha pete nyembamba na mbao nyepesi.

Kazi ya kubadili pete kuwa nyuzi za joto ilikamilishwa na waliomfuata. Harold Fritts, aliyefanya kazi katika maabara ileile aliyoianzisha Douglass, alikuza mbinu za kitakwimu za kazi hiyo na kuzieleza katika kitabu chake cha mwaka 1976. Kwa ufupi, hatua ni hizi:

(a) Kuchagua eneo ambalo joto ndilo linalozuia ukuaji wa miti.

(b) Kutoboa miti mingi kwa keekee yenye mrija mwembamba, unaotoa kijiti cha mbao bila kuuua mti.

(c) Kupatanisha pete ili kila pete ipate mwaka wake halisi.

(d) Kupima upana wa pete, au uzito wa mbao kwa kutumia eksirei.

(e) Kuondoa athari ya umri, kwa kuwa mti mchanga huwa na pete pana kuliko mti mzee hata hali ya hewa isipobadilika.

(f) Kulinganisha pete za miaka ya karibuni na vipimo vya kipimajoto ili kupata uhusiano wao. Sehemu ya vipimo hivyo huwekwa kando na kutumiwa kuujaribu uhusiano huo.

(g) Kutumia uhusiano uliofaulu kukadiria joto la miaka ya kale, pamoja na kutaja ukubwa wa makosa yanayowezekana.

Kwa njia hii miti imeshuhudia mambo mengi. Mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka Aprili 1815, na vumbi na gesi zake zikapunguza mwanga wa jua. Baridi ya mwaka 1816 inaonekana katika pete za miti ya maeneo mengi ya kaskazini. Mwaka 1999 Michael Mann, Raymond Bradley na Malcolm Hughes walichapisha makadirio ya joto la nusu ya kaskazini ya dunia kwa miaka 1,000, wakitumia pete za miti pamoja na ushahidi mwingine kama barafu ya kale. Makadirio yao yalionyesha ongezeko la joto la karne ya 20 likijitokeza waziwazi. Yalizua mjadala mkali, lakini tafiti nyingi zilizofuata zilifikia hitimisho lililokaribiana na lao.

Njia hii ina mipaka yake. Kwanza, pete hueleza zaidi msimu wa kukua, si mwaka mzima. Pili, tangu takriban mwaka 1960 baadhi ya miti ya kaskazini haijafuata vizuri ongezeko la joto linaloonyeshwa na vipimajoto, na sababu zake bado zinachunguzwa. Tatu, miti mingi ya nchi za joto kama zetu haina pete zinazosomeka kwa urahisi, kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuisimamisha. Hata hivyo, palipo na kiangazi kirefu huwezekana. Watafiti wamesoma habari za mvua katika pete za mninga nchini Zimbabwe na za miti ya miombo nchini Tanzania na Zambia.

8. Miaka ya mwisho

Douglass hakuacha falaki. Kwa msaada wa dola 60,000 zilizotolewa na mama mmoja, Lavinia Steward, mwaka 1916, alijenga kituo cha falaki cha Steward mjini Tucson. Kilizinduliwa mwaka 1923, kikiwa na darubini yenye kioo cha kipenyo cha sentimita 91.

Mwaka 1937 Chuo Kikuu cha Arizona kiliianzisha Maabara ya Utafiti wa Pete za Miti, ya kwanza ya aina yake, Douglass akiwa mkurugenzi. Ilipewa vyumba vya chini ya majukwaa ya uwanja wa mpira kwa muda, lakini ilikaa humo zaidi ya miaka 70. Mmoja wa wanafunzi wake, Edmund Schulman, aligundua katika miaka ya 1950 kwamba misonobari fulani ya milima ya California ina umri wa zaidi ya miaka 4,000 na bado inaishi.

Na lile swali la jua je? Mwaka 1922 mwanafalaki wa Uingereza, Edward Walter Maunder, alimwarifu kwamba kati ya mwaka 1645 na 1715 madoa ya jua yalikuwa yametoweka karibu kabisa. Douglass alikuwa ameona kwamba mzunguko wa miaka 11 ulififia katika pete zake za kipindi kama hicho. Alitiwa moyo, akatengeneza hata chombo cha kutumia mwanga ili kuitafuta mizunguko iliyojificha katika pete. Alitafuta hadi uzeeni. Uthibitisho wa kutosheleza hakuupata, na wanasayansi wengi hawakukubali kwamba mzunguko huo husomeka wazi katika miti. Douglass alifariki dunia mjini Tucson tarehe 20 Machi 1962, akiwa na umri wa miaka 94.

9. Mafunzo

Alichokitafuta Douglass hakukipata, lakini njia aliyoitengeneza ili kukitafuta ndiyo iliyobaki. Leo pete zilizopatanishwa husaidia kutambua umri wa majengo, kusahihisha tarehe zinazopimwa kwa kaboni, na kueleza ukame na joto la karne zilizopita. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Vivyo hivyo mti mmoja hautoshi kuthibitisha mwaka. Mtu aliyefukuzwa kazi kwa kutilia shaka mistari ya Mirihi ndiye huyohuyo aliyekataa kuziunganisha pete zake kabla ya kuwa na hakika.

Msamiati

*Boriti*: mti mnene unaoshikilia paa au dari.
*Falaki*: elimu ya nyota, sayari na mienendo yake.
*Gofu*: jengo la kale lililobomoka na kuachwa.
*Keekee*: kifaa cha kutobolea mbao.
*Kupatanisha pete*: kulinganisha mpangilio wa pete za miti mbalimbali ili kujua mwaka wa kila pete.
*Tabianchi*: hali ya hewa ya mahali kwa wastani wa miaka mingi.

Maswali ya marudio

1. Taja tofauti mbili kati ya wasifu na tawasifu. (alama 2)
2. Eleza kwa nini Douglass alifukuzwa kazi mwaka 1901. (alama 2)
3. Kwa nini kuhesabu pete za mti mmoja hakutoshi kutambua umri wake kwa uhakika? Toa sababu mbili. (alama 4)
4. Mti C una pete nyembamba ya 13, ya 18, ya 20 na ya 31 kutoka kwenye gome. Ukiulinganisha na mti A katika sehemu ya 5, mwaka wa mwisho wa kukua kwa mti C ni upi? Onyesha hesabu yako. (alama 3)
5. Eleza umuhimu wa kipande HH-39. (alama 3)
6. Mtafiti anataka kujua joto la karne ya 17. Je, atafute miti ya jangwani au ya karibu na vilele vya milima yenye baridi? Toa sababu. (alama 3)
7. Fupisha hatua za kukadiria joto la kale kwa kutumia pete za miti. (Maneno 60–70) (alama 8)
8. Kwa kurejelea matukio mawili katika wasifu huu, thibitisha kwamba Douglass alithamini ushahidi kuliko jibu la haraka. (alama 5)

*Jibu la swali la 4:* Nafasi kati ya pete nyembamba za mti C ni 5, 2 na 11, sawa na za mti A. Tofauti ya nafasi ni 33 − 13 = 20. Hivyo pete ya kwanza ya mti C inalingana na pete ya 21 ya mti A. Pete ya 1 ya mti A ni ya mwaka 1904, kwa hiyo pete ya 21 ni ya mwaka 1884.